Sebuleni kwa Ivanilde

Jumamosi, 22 Desemba 2018

Tumefika. Ndege mbili, uwanja wa Goiânia, kisha gari la shemeji yangu Tião mpaka shambani. Mvua ilikuwa imekatika dakika hiyohiyo. Barabara nyekundu, matope mpaka kwenye vioo, na ile harufu ya udongo! Nilifumba macho nikavuta pumzi, hata binti yangu Luciene akauliza kama ninaumwa. Siumwi. Nimekaa Ayalandi miaka tisa bila kunusa kitu kama hiki.

Tião alikata kona kuzunguka nyumba ili tushukie nyuma, penye mlango wa jikoni. Ndivyo inavyotakiwa. Kwetu watu wa nyumbani huingilia jikoni. Mlango wa mbele ni wa padri, wa daktari na wa jeneza. Lakini mdogo wangu Ivanilde alikuwa amesimama uani na aproni yake, anapunga mikono yote miwili.

"Tião! Unamshusha dada yangu kwenye mavi ya kuku? Zunguka mbele!"

Akazunguka mbele.

Bawaba za mlango wa mbele zinalia — haujazoea kufunguliwa. Sakafu imepigwa nta nyekundu. Nikakaribishwa kwenye kochi ambalo utoto wetu wote marehemu mama alitufukuza tusilikalie. Kahawa kwenye sinia. Vikombe vya kabatini, vile vyenye ukingo wa dhahabu. Ivanilde akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akauliza kama sukari imetosha. Imetosha. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya maharage na vitunguu saumu vinavyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Nilitaka kuinuka niifuate. Sikuinuka. Mtu haingii jikoni kwa mwenziwe bila kuitwa.

Mkwe wangu Colm hakungoja kuitwa. Yeye ni Mwayalandi, hakufundishwa haya. Aliifuata harufu na viatu vyake vya matope, akafunua sufuria. Nikasikia Ivanilde akipiga ukelele, kisha kicheko. Fedheha! Nimemwambia Luciene amfunze mumewe adabu.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia: sitaki kurudi Ayalandi. Mjukuu wangu Orla ana miaka kumi. Kuanzia Januari, masomo yakiisha, atabaki shuleni kwenye klabu mpaka baba yake ampitie. Luciene aliniambia kwa furaha: sasa utapumzika, mama! Kupumzika — peke yangu ndani ya nyumba, mvua dirishani, na saa kumi alasiri giza limeshaingia. Nyumba yangu ya mjini niliiuza nilipoondoka. Imebaki hii ya wazazi, na Ivanilde ndiye aliyebaki nayo. Vyumba vipo. Lakini nafasi katika nyumba ya mwanamke mwingine haiombwi. Mwenyewe ndiye husema: baki.

Nangoja aseme.

Jumapili, 23 Desemba

Nilisikia kuni zikipasuliwa kabla hakujakucha vizuri. Nikaamka, nikavaa, nikachana nywele, nikatoka. Nimefika nusu ya ujia tu.

"Dada! Umeamkia nini? Rudi kalale, kahawa nakuletea."

Na kweli akaleta. Kitandani! Mimi sikunywa kahawa kitandani hata siku nilipojifungua. Pamoja na kahawa: jibini mbichi ya maziwa ya jana, bado inatoa maji, na vimkate vya wanga wa muhogo na jibini, moto, vya kupasuka kwa kidole. Huko Ayalandi navipika kwa jibini ya pakiti, vinatoka vigumu kama mipira ya gofu. Colm huvila kwa heshima. Hivi vya leo nilipouma cha pili machozi yalinitoka. Nikafuta haraka. Ivanilde akirudi kuchukua kikombe asije akadhani vina kasoro.

Misa saa tatu. Watu wote wakanisalimu: Mwalimu! Mwalimu! Nusu ya kanisa nimeifundisha kusoma. Wakaniuliza kama kule kuna baridi. Nikasema kuna baridi.

Jumatatu, 24 Desemba

Tião anamwita mkwe wangu "Colmo". Colmo leta kuni. Colmo shika nguruwe. Colmo, kunywa. Mtu mwenyewe anajua maneno matatu ya lugha yetu: nzuri, tena, samahani. Yanamtosha. Amekaa jikoni tangu asubuhi kwenye kile kibao kilicho karibu na jiko la kuni, mahali alipokuwa akikaa baba yetu, anakuna nazi.

Mimi nimekaa kwenye baraza ya mbele. Kiti kimewekewa mto.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Chakula cha mchana chini ya paa la nyuma, meza mbili zimeunganishwa. Nguruwe mchanga, ngozi inalia ukiigusa. Bamia. Kabichi iliyokatwa nyembamba kama nywele. Wali wa pequi — tunda letu la mwituni, la manjano, harufu yake inafika barabarani. Nimeota wali huu miaka tisa.

Nikaketishwa kichwani mwa meza. Wenzangu wanakula kwenye sahani za bati, mimi nimepewa ya udongo yenye maua. Nikachukua pequi yangu kwa vidole, kama kila mtu. Hapo Ivanilde akainama sikioni:

"Dada, usiuume. Kwaruza taratibu kwa meno ya mbele. Ndani kuna miiba."

Mimi! Nimezaliwa chini ya mti huo. Kila mwaka msimu ulipoanza nilisimama mbele ya darasa zima nikiwaambia watoto maneno hayohayo, na Ivanilde alikuwa mmoja wao.

Zenaide, jirani yake — mdomo haumtulii — akasikia.

"Mwalimu amekuwa mzungu! Mkatieni kwa kisu na uma!"

Wakacheka. Nikatabasamu. Nikaikwaruza pequi yangu mpaka ikawa nyeupe, nikaiweka pembeni mwa sahani ili waione. Hakuna aliyetazama, kwa sababu wakati huo Colm aliuma yake.

Miiba ulimini, mingi, myembamba kama vumbi. Ivanilde alimkalisha chini juani, akashika kibanio cha nyusi cha Luciene.

"Punda wewe! Nimekwambia mara ngapi? Luciene, mwambie kwa lugha yake kwamba ni punda. Toa ulimi! Utoe wote! Ukila tena kama nguruwe nitakulaza na nguruwe!"

Naye Colm, ulimi nje, anajitahidi kusema samahani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikaacha. Nikakumbuka kwamba tangu nimefika Ivanilde hajanikaripia hata kidogo. Kila neno kwangu limepakwa asali. Ndivyo tunavyosema na wageni.

Alhamisi, 27 Desemba

Mvua kutwa. Barazani.

Wamekuja kunisalimu watu wa kanisani. Wamekaa sebuleni wakanyoosha migongo. Vikombe vya dhahabu. Kule kuna baridi? Kuna baridi. Wameniaga, kisha wakapitia jikoni kumuaga Ivanilde — wakakaa huko saa nzima. Vicheko. Harufu ya keki ya unga wa mahindi. Kipande changu kililetwa kwenye sahani, na kitambaa kimepigwa pasi.

Keki ni nzuri. Lazima niseme kweli: ni nzuri kuliko ya mama.

Jumamosi, 29 Desemba

Leo nimejaribu. Nilimkuta Ivanilde uani amepakata ungo wa maharage, anatoa mawe. Nikauliza kama inavyopasa: nikusaidie? Akajibu kama inavyopasa: hapana, dada, pumzika. Mara ya pili nikauliza. Mara ya pili akakataa. Mara ya tatu mwenyeji hukubali, ndio utaratibu. Nikauliza mara ya tatu.

"Macho yako hayo, dada. Utajichosha bure. Kaa nami tu unipe habari."

Nikakaa. Nikampa habari. Baada ya muda alinyanyuka kwenda kutazama sufuria na ungo akaenda nao.

Orla anarudi kwangu jioni ananuka moshi. Ana makovu ya kuchomwa na mafuta kwenye mkono, anayaonyesha kama medali. Bibi Nilde — ndivyo anavyomwita Ivanilde — kanifunza hiki, bibi Nilde kanifunza kile. Nikamwuliza bibi Nilde amekufunza kuosha mikono? Akacheka akakimbia.

Luciene alikuwa kwenye bembea, miguu inaning'inia. Akasema: mama, huoni raha? Miaka yote hiyo umetupikia sisi, sasa unahudumiwa kama malkia. Nikajibu kwamba naona raha sana. Sentensi fasaha. Si ya kweli.

Luciene pia amechoka, nimemwona. Kule anafanya kazi zamu za usiku hospitalini, hapa analala mpaka saa tatu na rangi imemrudia usoni. Siwezi kumharibia likizo kwa mambo yangu.

Jumanne, 1 Januari 2019

Mwaka mpya. Tumekula dengu, kijiko kwa kijiko, kila mtu na ombi lake kimoyomoyo. Langu nimeshaliandika humu.

Mchana Tião alirudi kutoka shamba la mahindi. Ndevu za mahindi zimekuwa za kahawia. Alibana punje kwa ukucha mbele yetu na maziwa yakaruka yakamwingia jichoni.

"Alhamisi!" akapiga kelele, anajifuta. "Alhamisi tunafanya pamonha. Ikipita hapo ni chakula cha kuku."

Nilihisi moyo unanidunda kama msichana. Siku ya pamonha ni siku ya mikono. Mahindi mabichi hukatwa alfajiri, yakamenywa, yakakunwa, yakatiwa majandani, yale majani yanayofunika gunzi, yakafungwa, yakachemshwa, yote siku hiyohiyo, vinginevyo unga unachacha. Mtu mmoja hawezi. Watu wawili hawawezi. Hakuna anayekaa. Padri akipita hupewa kisu. Mwaka ule askofu alipokuja alivua pete akamenya.

Nimelitoa gauni la kazi chini ya sanduku. Nimelipiga pasi — halihitaji, lakini nimelipiga.

Alhamisi, 3 Januari

Mikono yangu haijachoka. Hiyo ndiyo habari ya leo.

Naandika yote kwa mpangilio, labda nitaelewa.

Saa kumi na mbili asubuhi magunia ya mahindi yalikuwa yamelala uani, na umande wake. Walikuwa wamefika Zenaide na mumewe, na majirani wa ng'ambo ya kijito. Nikatoka na gauni langu la kazi, mikono nimekunja. Ivanilde alikuwa juu ya kigoda anagawa kazi kama jemadari. Tião na mume wa Zenaide: panga, kukata vitako vya mahindi ili majanda yatoke mazima. Orla: kuchagua majanda mapana. Colm: kukuna, kwa sababu ana mabega. Zenaide: kuchekecha. Luciene: kufunga. Kila jina alipolitaja mtu aliondoka akaenda mahali pake. Nikabaki nimesimama peke yangu katikati ya uwanja, kama mtoto ambaye hakuchaguliwa kwenye mpira.

"Na dada yangu," akasema, sauti ikabadilika ikawa laini, "atatuonjea chumvi. Tião, leta kile kiti chenye mto."

Wakaleta kiti chenye mto. Wakakiweka kivulini. Wote wakaona ni heshima kubwa. Zenaide akasema: "Mwalimu, leo sisi ndio tunaofanya mtihani, wewe sahihisha tu!"

Nikakaa. Ningefanya nini? Kukataa kiti mbele ya watu ni kumtukana mwenye nyumba.

Uzuri wa kazi ile! Bati la kukunia likilia, povu la manjano likijaa kwenye beseni. Mafuta ya nguruwe yakapashwa mpaka yakatoa moshi, Ivanilde akayamwaga juu ya unga yakaimba. Chumvi. Akaniletea kijiko kwenye kisosi. Nikaonja. Imetosha, nikasema. Akarudi.

Jikoni kwenye benchi Luciene alikuwa na vikombe vya majanda: unatia unga, unachomeka kipande cha jibini, unafunika kwa janda la pili, unafunga kiunoni kwa ukanda wa janda. Mkono wa Luciene umesahau, vifungo vyake vilikuwa vimelegea. Colm alikwenda kumsaidia, akafunga moja mfano wa buti la mpira.

"Hii nini, Colmo?" Ivanilde ameishika juu kila mtu aione. "Umemvisha soksi? Fungua! Anza upya! Nani alikupa mke wewe?"

"Tena," akasema Colm.

"Tena, ndiyo! Tena mpaka uzeeke!"

Hapo nikainuka. Sijui miguu ilitoka wapi. Nikavuka uwanja, nikapanda kidaraja cha jikoni, nikaingia. Nikachukua majanda mawili, nikatia unga, nikachomeka jibini. Vidole vilikumbuka. Nilikuwa nimeushika ukanda, bado kuukaza tu, mikono ya Ivanilde ikaja juu ya yangu. Yenye joto, yenye unga. Akaitoa ile pamonha mikononi mwangu taratibu, kama unavyomtoa kifaranga mkononi mwa mtoto.

"Dada, utachafua gauni lako zuri."

Gauni la kazi! Lina viraka viwili!

Kila mtu akainamia kazi yake. Hata Zenaide. Luciene aliniangalia, nadhani ni mara ya kwanza ameniangalia tangu tufike. Nikanawa mikono kwenye ndoo. Nikarudi kwenye kiti.

Kutoka pale nikaona wanatumbukiza za kwanza kabla maji hayajatokota sawasawa. Maji yakageuka rangi ya maziwa, zinavuja. Nikatazama. Sikusema.

Tumekula saa tisa. Moto, majanda yanafukiza, jibini inavutika kama uzi. Nilikula tatu. Sijawahi kula kitu kitamu vile na kukosa hamu wakati uleule.

Ijumaa, 4 Januari

Nimesema. Mezani, mchana, katikati ya supu ya kuku. Sikuwa nimepanga. Luciene alikuwa anaeleza saa ya kuondoka kesho na sanduku lipi liende wapi, nikaweka kijiko nikasema: mimi ningependa kubaki.

Luciene akauliza kubaki wapi. Hapa. Mpaka lini? Basi nikamwambia. Klabu ya Orla, nyumba tupu, giza la saa kumi. Nilitumia maneno machache.

"Na mimi?" akasema Luciene.

"Wewe una Colm, una Orla."

"Nimeuliza na mimi." Akanyanyuka akaenda bembeani. Orla akamfuata.

Tião akajifuta mdomo, akainyoosha mikono yote miwili juu ya meza. "Shemeji, nyumba ni yako."

Maskini Tião. Ana moyo safi. Lakini nyumba ni yako ndiyo tunayomwambia kila mgeni anayekanyaga kizingiti, hata muuza mikeka. Nilikuwa namtazama Ivanilde. Yeye akakusanya sahani, akasema kahawa iko tayari, akaingia jikoni. Alikaa huko muda mrefu sana kwa kahawa iliyo tayari.

Alinifuata barazani alasiri. Hakuja na sinia. Akaketi kwenye ngazi, chini yangu, kanipa mgongo.

"Unajua kwa nini nakuweka sebuleni?"

Nikasema: kwa sababu unanipenda.

"Kwa sababu nakuogopa, Gisa."

Miaka mingi hajaniita hivyo. Tangu nirudi nimekuwa dada tu.

"Jana uliziona zilizovuja. Ukanyamaza. Ungesema! Ungesema mbele ya Zenaide, ningeona haya nikasahau. Lakini ulitazama tu. Jicho lako lina wino mwekundu. Nimetimiza miaka sitini na minne, nina wajukuu, watu wanatoka mjini kuja kula kwangu — na ukitokea wewe mlangoni naficha mikono nyuma nisije nikakaguliwa kucha. Nikikupa kijiko narudi darasani. Jikoni ndipo mahali pekee nisiposahihishwa."

Nilipaswa kusema jambo la upole. Nilikuwa nalo, lilikuwa mdomoni. Badala yake nikasema:

"Zilivuja kwa sababu maji hayakuwa yametokota."

"Unaona!" Akageuka. Alikuwa anacheka, au analia. Mvua ilikuwa inapiga vigae na siwezi kuapa. "Unaona, mtu huyu! Mungu wangu! Hata ukiwa unaomba!"

"Sina chaki tena, Nilde."

"Chaki unaizalisha mwenyewe."

Kisha akasimama, akapiga vumbi sketi, akasema kuku hawajafungiwa. Hakusema baki. Hakusema nenda.

Baadaye Luciene alikuja chumbani. Macho mekundu. Akaweka pasipoti yangu mezani, juu ya shajara hii. Akasema hataiweka kwenye mkoba wake pamoja na zao, nimwambie asubuhi. Akanibusu kichwani. Nilitaka kumshika, lakini alikuwa ameshafika mlangoni.

Jumamosi, 5 Januari

Tunaondoka saa nne. Au wanaondoka.

Nimeoga, nimevaa, nimechana nywele. Niko sebuleni, kwenye kochi, naandika juu ya goti. Sanduku langu limesimama kizingitini: Colm alilibeba mpaka hapo, akaniangalia, akaliacha. Gari liko mbele, milango yote wazi. Tião anapanga mizigo na kuipangua. Jibini nne zimefungwa kwa taulo — uwanja wa ndege watazikamata, nimewaambia, hawasikii. Orla anaaga kuku mmoja mmoja.

Ivanilde hajatoka jikoni tangu kunywa kahawa. Asubuhi hii hakuniletea kitandani. Nilingoja, kisha nikaenda mwenyewe mpaka mwisho wa ujia. Birika lilikuwa pembeni mwa jiko, na kikombe cha bati. Yeye alikuwa nje kwenye kuni. Nikajimiminia. Nikanywa nimesimama, haraka, kama mwizi. Sijui kama aliniachia au alisahau.

Saa tatu na nusu. Anapiga vitunguu saumu kwenye kinu. Wanakula saa tano hapa, mchele lazima uingie motoni sasa.

Colm anamuaga. Nasikia: samahani, samahani. Nasikia busu la shavuni na kofi la mgongoni: "Nenda, punda! Mwaka ujao ulete ulimi mzima!"

Amepita. Amenikonyeza. Akatoka.

Luciene ameingia kumuaga. Wanaongea kwa sauti ndogo. Muda mrefu. Sisikii. Nimesikia jina langu, halafu kimya, halafu mmoja wao kapenga kamasi.

Luciene ametoka jikoni. Amenipita sebuleni. Amesimama kando ya gari, kavaa miwani ya jua, na hakuna jua.

Bati la mchele limefunguliwa. Kifuniko chake kinakwaruza. Anachota kwa kile kikombe cha aluminiamu. Kikombe kimoja kinawatosha yeye na Tião.

Nimesikia kimoja kikimwagwa sufuriani.

Kimya.

Tião anaita: shemeji! Muda!

Bado kimya. Hajafunika bati. Ningesikia. Amesimama tu, na kikombe mkononi, upande wa pili wa ukuta huu.

Luciene amepiga honi, mara moja, fupi.

Sitangoja aseme. Naweka kalamu. Nakwenda jikoni kumwambia aongeze.